Gari Lililokuwa Likikohoa

Mtaani walimwita Mama Mayai kwa sababu ndiyo kazi yake. Asubuhi alipakia trei za mayai kwenye gari la marehemu mumewe, akazunguka madukani, na alasiri akarudi na trei tupu. Gari lenyewe lilikuwa la siku nyingi, mlango mmoja una rangi yake na mingine ina yake. Injini ilikuwa imechoka. Ilikunywa oili kama mtoto anayekunywa uji, ikatoa moshi wa bluu, na ikipanda kile kilima cha kuelekea nyumbani ilikohoa: kikohozi kimoja, kimya kidogo, kisha viwili vya haraka haraka.

Mama mkwe wake alipokisikia kikohozi hicho, aliinua kichwa.

Chumba chake kilikuwa cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Macho yalishaingia ukungu, na akili nayo ilikuwa ikija na kuondoka. Mwanawe alipofariki hospitalini walimwambia, akalia mpaka sauti ikakauka. Wiki iliyofuata akauliza, "Mwanangu mbona simsikii?" Wakamwambia tena, naye akalia upya, kama mtu aliyepokea habari dakika ile ile. Alipouliza tena, Mama Mayai alishindwa kumfisha mume wake kwa mara ya tatu.

"Yuko kazini, Mama," alisema.

Tangu hapo, kila gari lilipokohoa nje, bibi yule alichangamka. "Huyo kafika! Mwekee maji ya kuoga, mkwe wangu."

Na Mama Mayai aliweka. Mwanzoni ilikuwa ili ndoo tu isikike ikigonga sakafu ya bafu. Baadaye akaanza kupima maji kwa kiwiko, yasije yakawa ya moto mno. Akaanza kutundika taulo. Siku moja alijikuta amesimama nje ya mlango wa bafu, kimya, akisubiri mtu amalize.

Kisha injini ikafa. Ilipiga kishindo pale pale kilimani, kama sufuria iliyoangushwa na mtu ndani ya boneti, na wapita njia wakasaidia kulisukuma gari mpaka uani. Akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa kuchomelea mageti, ambaye suruali zake zote zilikuwa na matundu ya moto. Kila mtu alimwita Cheche.

Cheche alichomoa kijiti cha oili, akakinusa, akatikisa kichwa. "Hii haifufuki tena, Shemeji," alisema, halafu akang'ata ulimi.

Gerejini walitaka gari likae kwao hata mwezi mzima, na mayai hayana subira hiyo. Cheche akasema wataibadilisha injini hapo hapo nyumbani. Aliwahi kumsaidia kaka yake kazi kama hiyo, na asichokijua atakiuliza. Alichomelea mabomba ya maji yakawa miguu mitatu mirefu, akaisimamisha juu ya boneti, akatundika winchi ya mnyororo. Wakamwaga oili na maji, wakatoa betri, wakatoa rejeta. Mama Mayai ndiye aliyefunga vitambaa vya rangi kwenye kila waya na kila mpira, ili siku ya kurudisha wasije wakakisia. Cheche akajilaza chini ya gari kufungua boliti za gia boksi, akizitukana moja moja kwa adabu, kwa sababu mama yake alikuwa dirishani.

"Vuta, Shemeji! Pole pole! Mzito huyu, utadhani diwani baada ya uchaguzi!"

Mama Mayai akacheka, kicheko ambacho hakikuwa kimesikika katika ua ule siku nyingi. Injini ikainuka, ikaning'inia hewani ikidondosha oili nyeusi, wakalisukuma gari nyuma na kuishusha juu ya matairi makuukuu. Mahali ilipokuwa pakabaki shimo. Ukichungulia chini ya boneti uliona udongo.

Walikuwa wamekaa wakinywa chai, mikono bado myeusi, waliposikia.

Kikohozi kimoja. Kimya kidogo. Viwili vya haraka haraka.

Sauti ilitoka nje ya geti, mahali ambapo gari lilizoea kupunguza mwendo kabla ya kukata kona.

"Huyo kafika!" bibi aliita kutoka chumbani.

Kikombe cha Cheche kilimwagika mapajani asishtuke hata kidogo. Alikwenda getini, akafungua. Barabara ilikuwa nyeupe, juu mpaka chini, hakuna hata baiskeli. Alirudi akiangalia lile shimo, kisha injini juu ya matairi.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Akaweka kiganja juu ya injini, akakiondoa haraka. "Ina joto."

"Ni jua hilo," alisema Mama Mayai. Lakini kivuli cha ukuta kilikuwa kimeshaufunika ua mzima tangu walipoketi.

"Mkwe wangu! Maji!"

Akainuka, akaenda kuchota. Cheche alimtazama akipita na ndoo.

Injini nyingine ilitoka kwa muuza spea, imetumika lakini ina afya. Iligoma kukaa, kikono kimoja cha kuibebea hakikulingana na tundu la gari, ikabidi Cheche akikate na kukichomelea upya. Vitambaa vya rangi vikafunguliwa kimoja kimoja. Alipowasha, gari liliunguruma taratibu, laini, bila moshi. Cheche alipiga makofi. Mama Mayai aligeuka kutazama dirishani. Pazia halikutikisika.

Kesho yake alirudi na trei tupu, gari limepanda kilima kama halijaona kilima. Alipoingia ndani alimkuta mama mkwe amejikunyata kitandani.

"Nani huyo mgeni?"

"Ni mimi, Mama."

"Gari la nani hilo? Mwambie aondoke. Mwanangu akija ataegesha wapi?"

Ikawa hivyo kila siku. Bibi akapunguza kula. Alasiri yote alikuwa ameelekeza sikio barabarani, na giza lilipoingia alibaki vile vile. Mama Mayai akamweleza shemeji yake.

Cheche alifikiri, akasema kwa sauti ya chini, "Naweza kutoboa ekzosi. Nichezee plagi kidogo. Itakohoa."

"Kama ile?"

"Nilikuwa naisikia kila siku, Shemeji. Naijua."

Mama Mayai alitaka kusema hapana. "Toboa," alisema.

Cheche alikuwa ameshalala chini ya gari, drili mkononi, mama yake alipogonga kioo cha dirisha. Alikuwa akiwaita wote wawili. Walipoingia alikuwa amekaa wima, amejifunga kitambaa kichwani vizuri.

"Gari mmelibadilisha," alisema.

"Injini tu, Mama," alijibu Mama Mayai. "Ile ilikufa."

"Na mwanangu naye alikufa."

Bibi akajiweka sawa kitandani, akaendelea.

"Kuna siku najua, kuna siku sijui. Siku ambazo sijui, namsubiri. Siku ninazojua nilisema vile vile, huyo kafika, kwa sababu yako, mkwe wangu. Nilikusikia ukichota maji. Ulikuwa unaimba."

Mama Mayai hakujua kwamba alikuwa akiimba. Aliketi sakafuni, akaweka kichwa kwenye goti la mama mkwe wake, akalia kilio ambacho msibani hakikutoka. Bibi alimpapasa mgongo. Cheche alisimama mlangoni na drili yake, machozi yakimtiririka.

"Nipelekeni," alisema bibi. "Leo, wakati najua."

Walimketisha kiti cha mbele, Cheche akapanda nyuma kati ya trei. Makaburini walimshika mikono mpaka kwenye jiwe. Aliinama, akapapasa udongo.

"Kichwa kiko upande gani?"

Mama Mayai akamwongoza mkono. Bibi aliuacha pale muda mrefu, kama anayepima homa ya mtoto. Kisha akasema inatosha.

Njia nzima ya kurudi alikuwa mtulivu. Walipofika chini ya kilima akaweka mkono juu ya mkono wa mkwe wake.

"Punguza mwendo. Yule pale, anakwenda kwa miguu."

Barabarani hapakuwa na mtu. Mama Mayai alitazama kwenye kioo, akakutana na macho ya Cheche. Akasimamisha gari pembeni. Cheche akasogeza trei, akanyoosha mkono, akafungua mlango wa nyuma.

Walisubiri kidogo. Kisha Cheche akaufunga mlango taratibu, wakaendelea kupanda.