Boriti za Ngome ya Kilimani

Baba yangu, Mzee Mselem, ni mkaidi, na ukaidi huo mimi nimeurithi wote. Tangu mama afariki nilikuwa nikimsihi ahame Jidda aje kukaa nami Riyadh, naye hataki hata kusikia. Al-Hindawiyah, mtaa wa huko Jidda, ndiko walikofikia yeye na wazee wake baada ya mapinduzi ya Unguja ya 1964, na ndiko aliko Ami Faris, mwenzake wa bao. Riyadh, anasema, hakuna kitu cha kwetu.

Safari hii alikuja kunitembelea tu. Kwa kuwa babu alikuwa fundi wa nyumba za mawe Unguja, nikampeleka kuona ngome iliyobomoka, kilimani nje ya mji.

Tulipanda polepole, mkono wake begani kwangu. Ngome ni ya matofali ya udongo juu ya msingi wa mawe. Kuta zina vitundu vya pembetatu, vya kuingiza upepo na kumchungulia adui aliyeinyemelea mitende ya bondeni. Kisima kilipokauka, wenyewe wakahama. Sasa nusu ya dari iko chini.

Baba aliingia chumba kimoja, akanyoosha mikono, akacheka. "Chembamba! Chumba hakizidi urefu wa mti wa dari. Na kwetu ndivyo, Ibtisam. Mama yangu akilalamika kitanda hakigeuki." Sikuwahi kumwona akicheka vile tangu msiba.

Akapapasa mti mmoja ulioanguka. "Boriti hizi! Za mikoko ya kwetu, zikiletwa Arabuni shehena kwa shehena." Hapo hapo akampigia simu Ami Faris. "Faris, nimekuta boriti za kwetu Riyadh! Ikiwa zenyewe zimekaa huku, basi na mimi ntakaa."

Moyo ulinirukaruka. Lakini kibao cha mlangoni kilisema mti ule ni athli, wa jangwani, na mdomo wangu haujui kutulia. "Baba, mti huu si..."

Akaifunika simu kwa kiganja. "Nnajua ni athli. Nimejenga nchi hii umri wangu wote, ntakosa kuujua?" Sauti ikamshuka. "Sasa nimwambie nini Faris? Kuwa nyumba ya Jidda imenishinda, nazungumza na kuta? Wewe sema boriti za kwetu."

Akanipa simu.

"Shikamoo, Ami," nikasema, machozi yakinitoka. "Boriti za kwetu tupu. Nimezishika mwenyewe."