Fisi Aliyekosa Nafasi

Mwaka wa 1984 Teresiah, mwalimu wa taipu katika ukumbi wa mtaa wa Jericho, alipenda mashine. Mhandisi mmoja aliyehamia ng'ambo aliuachia ukumbi kompyuta ndogo ya kuunganishwa na televisheni, na tangu siku hiyo Teresiah hakuwa na habari na chai wala na wachumba. Mzee Thuo, mwenyekiti wa kamati, aliona vingine. Kule Kariobangi kulikuwa na mtu tayari kuichukua na kuwapa viti thelathini.

"Jumapili baada ya ibada utuonyeshe faida yake," Thuo alimwambia. "Tusipoiona, tunachukua viti. Watu wamechoka kusimama."

Basi Teresiah akaamua kutunga mchezo. Hadithi aliijua tangu utotoni: msichana anatoka mtoni na mtungi, fisi anamnyemelea. Alimchora msichana kwa miraba midogo myeupe, akatembea vizuri ajabu. Mtungi ukaingia. Nyumba ikaingia. Ilipofika zamu ya fisi, mashine ikagoma: nafasi kwenye kumbukumbu yake imekwisha. Akampunguza masikio, akamkata mkia, akamwachia miguu miwili, wapi! Kufikia Ijumaa fisi alikuwa amebaki kama kandambili, na Teresiah alikuwa karibu kulia.

Akashuka mtaa wa Shauri Moyo kwa Muindi, mchonga vinyago aliyemzoea tangu utotoni. Hakwenda kutafuta ushauri, alikwenda kulalamika tu.

"Hadithi ya fisi bila fisi! Si ni aibu, mzee?"

Muindi hakuliweka tezo chini. Akamwonyesha kwa kidevu safu ya vinyago vya wazee walioketi, mikono magotini. "Hawa unawaona? Watalii wanasema ati wametulia, wana busara. Busara gani! Gogo lilikuwa fupi. Gogo likiwa fupi, mzee anakaa."

Teresiah alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaaga ghafla, akatoka mbio.

Jumapili ukumbi ulijaa. Kaseti yenye mchezo ikapiga mayowe dakika nne nzima mashine ikiusoma, watoto wakaziba masikio. Thuo akaketishwa mbele, akaonyeshwa vitufe viwili: kwenda na kusimama.

"Ukienda, anakusikia," Teresiah alimwambia. "Ukichelewa, anakufikia."

"Na huyo fisi mwenyewe yuko wapi?"

"Nyuma yako, mzee."

Kwenye kioo alikuwapo msichana tu, na nyuma yake weusi mtupu. Lakini kwenye spika zilisikika hatua: tu. Tu. Tu. Thuo alipokwenda, hatua zilikazana. Aliposimama, zilisimama, kisha zikaanza tena polepole.

"Anapumua!" mama mmoja akapaza sauti, ilhali mashine ile haikujua kupumua hata kidogo.

"Ana jicho moja!"

"Toroka, Thuo!"

"Simama bwana, atakusikia!"

Kila mtu alikuwa na fisi wake, mkubwa kuliko yeyote ambaye Teresiah angeweza kumchora.

Msichana alipoingia nyumbani bila kumwaga tone, vigelegele vikapasua paa. Thuo, jasho likimtiririka, akageuka kutafuta kiti chake. Kilikuwa kimeanguka huko nyuma. Hakukumbuka alisimama saa ngapi. Akautazama ukumbi. Vile viti vichache vilivyogombaniwa asubuhi vilikuwa vitupu, na waliovigombania wote walikuwa wima.

"Mwambieni yule wa Kariobangi abaki na viti vyake," alisema. "Hata hivi tulivyo navyo, nani amevikalia?"