Barua Dhidi ya Watembezi

Arlette Vaysse aliuona ule ubao saa mbili asubuhi, akiwa anasukuma toroli lake lenye magunia matupu kwenda mtoni. Ulikuwa umepigiliwa kwenye nguzo mpya, hatua chache kutoka kwenye msalaba wa mawe, pale njia ya zamani inapoachana na barabara ya lami. Akaweka toroli chini, akatafuta miwani mfukoni mwa aproni, akasoma. Akasoma tena. Kisha akautukana ule ubao kwa sauti, kama vile una masikio.

Ubao ulisema kijiji kinakusudia kumuuzia Bwana Chastenet njia iendayo mtoni, kwa kuwa njia hiyo haitumiki tena na umma. Mwenye maoni aende ofisini kwa meya akaandike kwenye daftari ndani ya siku kumi na tano. Siku ya mwisho mkaguzi angekuja kuiona njia kwa macho yake.

"Haitumiki!" alisema Arlette. "Na mimi hapa ni nani? Mzimu?"

Miti yake kumi na minne ya jozi ilikuwa kule chini, kwenye ukingo wa mto Dordogne, na huo ulikuwa mwezi wa kumi, kokwa zinadondoka zenyewe usiku kucha na kuoza zisipookotwa. Njia ile iliteremka katikati ya kuta mbili za mawe, ikapita kwenye birika la kufulia la zamani, ikamfikisha kwenye miti yake kwa mwendo wa robo saa. Bila njia ile ilimbidi azunguke kwa barabara ya daraja, kilomita nne, akibanwa na malori ya machimbo ya mawe. Ana miaka sabini na sita, na toroli. Njia ikiuzwa, miti itabaki kuwa yake kwenye karatasi tu, na kokwa zitaliwa na nguruwe mwitu. Tena kwa sababu gani? Kwa sababu Chastenet, mtu wa Paris, alinunua nyumba ya kulia na nyumba ya kushoto, sasa anataka kuunganisha bustani zake achimbe bwawa la kuogelea. Mto mzima unapita chini ya dirisha lake, yeye anataka bwawa!

Akaliacha toroli palepale, akaenda ofisini kwa meya na matope yake miguuni.

Meya alikuwa Fabrice, mtoto wake wa ubatizo. Arlette ndiye aliyemshika juu ya maji ya kanisa, na mpaka leo kila Jumapili alikuwa na sahani yake mezani kwa Arlette.

"Karibu, Bi Vaysse," Fabrice alisema bila kuinuka.

"Bi Vaysse? Tangu lini? Juzi Jumapili ulikuwa unamtafuna bata wangu ukiniita Mama Arlette, mafuta yanakuchuruzika kidevuni."

Katibu wa ofisi akainamia droo, akajifanya anatafuta kitu.

"Hapa ni ofisini, Mama. Shida nini?"

"Shida ni wewe. Unaiuza njia uliyojifunzia kutembea. Babu yako na baba mkwe wangu walizijenga zile kuta upya baada ya mafuriko, jiwe kwa jiwe, mikono inatoka damu. Wewe unampa Chastenet apande maua!"

"Haipiti mtu pale."

"Mimi napita."

"Wewe ni mtu mmoja. Sheria inasema umma. Mtu mmoja si umma."

"Na watembezi je?"

Fabrice akatabasamu, na tabasamu hilo lilimuuma Arlette kuliko ubao. Akafungua jalada, akatoa karatasi, akaiweka mezani na kuipapasa kwa kiganja. Arlette aliujua ule mwandiko kabla hajavaa miwani. Ulikuwa wake.

"Nani aliniandikia niwaondoe watembezi? Nani alizipaka lami alama zao usiku wa manane, halafu akaja kanisani asubuhi na lami kwenye kucha? Nilikunyamazia, nikakutetea. Nikaiandikia kampuni yao, wakahamishiwa barabarani. Miaka mitatu sasa hakuna anayepita. Hii ndiyo karatasi ya kwanza kwenye jalada, Mama. Umenirahisishia kazi."

Mkono wa Arlette ukamwasha. Aliwahi kumzaba kofi huyu akiwa na miaka saba, kwa kuwarushia bata mawe, na kofi lile lilimfaa. Lakini safari hii hasira ilikosa pa kutokea, kwa sababu nusu yake ilikuwa inamrudia mwenyewe. Akatoka bila kuaga.

Ilikuwa kweli. Miaka mitatu nyuma kuna kampuni ya mjini ilianza kuuza wiki ya kutembea bondeni bila kiongozi. Mtu anapewa kijitabu, begi lake linatangulizwa na gari mpaka nyumba ya wageni inayofuata, yeye anafuata alama za njano zilizopakwa kwenye mawe, kutoka ngome hadi ngome, akiwa na fimbo mbili kama mgonjwa. Arlette hakuwahi kuelewa. Mtu ana gari zima, analiacha nyumbani, halafu analipa ili aumie miguu! Lakini hilo angelivumilia. Kilichomshinda ni kwamba waliacha lango la njiani wazi, bata wake wakaingia kwenye mboga za jirani. Walijaza mifuko kokwa zake kana kwamba miti imejipanda. Mmoja alisimama uani akazipiga picha nguo zake za ndani kwenye kamba, akasema ni nzuri sana, za kale. Siku hiyo ndipo alipochukua karatasi. Alikuwa ameshaanza kuwahesabu, kila mpita njia mstari mmoja kwenye kalenda ya jikoni, na idadi aliiandika kwenye barua ili Fabrice aone alivyoteseka. Baadaye akachukua kopo la lami.

Kesho yake asubuhi hakwenda kuokota kokwa. Alichukua ndoo, akaigeuza juu chini kando ya msalaba wa mawe, akaikalia, fimbo magotini, akangoja.

Wa kwanza alifika karibu na saa nne, mwanamke mrefu wa makamo, amevaa kofia, kijitabu kinaning'inia shingoni ndani ya mfuko wa plastiki. Uso ulikuwa umemwiva kwa hasira, na hilo lilimpendeza Arlette.

"Samahani, mama," alisema yule mwanamke. "Hivi kweli njia ni hii ya lami? Kijitabu kinasema nifuate barabara kilomita nne, nijihadhari na malori. Limenipita moja hapo nyuma, kofia imeruka mpaka mtaroni. Nimetoka Ubelgiji kuja kuliona bonde, si kunusa moshi!"

"Kitabu chako kimeandikwa na punguani. Njia ni hii hapa." Arlette akaonyesha kwa fimbo majani yaliyoota kiunoni katikati ya kuta mbili.

"Hapo? Hapana alama."

"Alama ipo. Iko chini ya lami."

"Nani ameipaka lami?"

Arlette alitazama pembeni. "Mpumbavu mmoja wa hapahapa. Unaitwa nani?"

"Godelieve."

"Basi Godelieve, shika fimbo zako uyapige majani hayo vizuri, usiyaonee huruma. Lango ulifunge nyuma yako. Ukifika chini utaona miti ya jozi. Ni yangu." Maneno yaliyofuata yalitoka kama jino linalong'olewa. "Chukua kokwa mbili. Mbili tu!"

Godelieve akacheka, kisha akauona ubao. Alikuwa mwalimu, husoma kila kitu mpaka mwisho. Alipomaliza, uso ukamwiva upya.

"Wanaiuza hii ili sisi tukagongwe na malori?"

"Hasa."

"Na hilo daftari, linaandikwa na nani? Wenyeji tu?"

"Ubao unasema mwenye maoni. Wewe huna maoni?"

"Mimi?" alisema Godelieve. "Nyumbani wananikimbia kwa wingi wa maoni yangu."

Akageuka, akaenda ofisini kwanza. Alirudi baada ya nusu saa akisema amejaza kurasa mbili na kwamba meya amemwomba apunguze ukubwa wa mwandiko. Akaipigia simu nyumba ya wageni aliyolala jana yake, akawaambia wenye nyumba kwamba wote watakaofuata waachane na kijitabu wafikapo kwenye msalaba wa mawe, wamtafute mama mwenye ndoo. Kisha akateremka, na Arlette akasikia fimbo zake zikiyapiga majani mpaka chini mtoni.

Wakaja. Siku nyingine watatu, siku nyingine tisa. Arlette alikaa kwenye ndoo siku kumi na tatu, jua na manyunyu, mgongo unamlilia, huku kokwa zake zikidondoka chini na kuloa. Hakuwa mpole hata kidogo. "Wewe, buti hizo za harusi? Pita!" "Nyie wawili mnaogombana, gombaneni mkitembea, majani yanawangoja!" "Lango! Nimesema lango!" Jirani waliopita na magari walipunguza mwendo wakamkodolea macho. Hakuna hata mmoja wao aliyekwenda kuandika. Wote walikuwa na jambo lao kwa meya, kibali cha banda au mtoto wa kuajiriwa, na hilo nalo lilimtia hasira. Wengi wao walibatizwa nguo zao zikiwa zimefuliwa kwenye birika lile.

Siku ya kumi na tano mkaguzi akaja. Alikuwa Bi Teyssandier, mpima ardhi mstaafu, mwanamke mfupi aliyevaa buti za mpira na kubana kalamu kwenye nywele. Fabrice alifuata na jalada lake, Chastenet akafuata Fabrice na viatu vyeupe. Arlette aliinuka kwenye ndoo kwa shida.

Bi Teyssandier akatazama njia. Majani yalikuwa yamelala, udongo umekanyagwa mpaka unang'aa.

"Hii mnasema haitumiki?"

"Mheshimiwa, huo ni mchezo wa kuigiza," alisema Fabrice upesi. "Bi Vaysse amekaa hapa wiki mbili kama askari wa barabarani, anawasukumia watu humo. Kabla ya hapo hakupita hata paka. Na ajabu ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetaka wasipite. Ngoja nikusomee."

"Fabrice," Arlette alisema polepole. "Usiisome."

"Leo hutaki? Ulipoandika ulitaka." Akakohoa, akasoma kwa sauti ya kanisani. "'Bwana Meya, nimechoka. Tangu Pasaka mpaka Sikukuu ya Watakatifu Wote nimehesabu watu mia tatu na kumi na wanne wamepita mlangoni kwangu kwenda mtoni. Njia hii ya kupelekea ng'ombe majini na wanawake kwenda kufua imegeuka soko. Siwezi hata kunywa mchuzi wangu bila mtu kunichungulia...'"

"Rudia hapo," alisema Bi Teyssandier.

"Kwenye mchuzi?"

"Kwenye idadi."

Fabrice akarudia. Safari hii sauti ilipungua. Mia tatu na kumi na wanne.

"Kwa msimu mmoja," alisema Bi Teyssandier, akachomoa kalamu kwenye nywele. "Na kabla ya hao, ng'ombe na wafuaji. Kisha watu wakahamishwa, na ofisi iliyowahamisha ni hiyohiyo inayotaka kuuza. Ni hivyo, Bwana Meya?"

"Lakini yeye ndiye aliyelalamika!"

"Ndiyo. Watu hawalalamikii njia isiyopitiwa. Barua hii nani ameiweka kwenye jalada?"

Chastenet aliangalia viatu vyake.

"Ulisema hili jambo limekwisha," Chastenet alimnong'oneza Fabrice, lakini wote walisikia.

"Bi Vaysse," mkaguzi aligeuka, "unathibitisha ni barua yako?"

Arlette alisikia mashavu yakimchoma. "Ni yangu. Na lami ni yangu, ukitaka kuandika. Nilikuwa na hasira. Ningali nayo. Walikula kokwa zangu na wanazila mpaka leo. Lakini nilitaka wafunge lango, mheshimiwa. Sikusema njia iuzwe."

Bi Teyssandier akaandika pale pale, jalada limelazwa juu ya msingi wa msalaba wa mawe, maneno machache. Akawasomea, kila mmoja asikie: njia inatumika na umma, haiwezi kuuzwa. Kisha akateremka mtoni peke yake, akisema anataka kuliona hilo birika la kufulia.

Chastenet aliondoka bila kuaga. Fabrice akabaki, jalada kifuani, shingo imekuwa nyekundu kama alivyokuwa akiiva utotoni akishikwa na kosa.

"Mama Arlette..."

"Hapana. Bi Vaysse."

"Jumapili nije?"

"Njoo na nini? Na njaa yako? Utakula kwa Chastenet. Nasikia ana bwawa."

Akachukua toroli, akateremka, akaokota kokwa zilizobaki. Nusu zilikuwa nyeusi. Alizitupa mtoni moja moja, na kila aliyoitupa aliitia jina la Fabrice.

Alasiri ilimkuta amepiga magoti kwenye jiwe la kwanza la njia, na kitambaa, kisu cha zamani na chupa ya mafuta ya taa, akikwangua lami. Ilikuwa imeshika kweli. Aliyeipaka alipania, akaipaka tabaka mbili. Magoti yalimuuma, kucha zikawa nyeusi tena, naye akamlaani kwa kila tusi alilolijua yule mwanamke mpumbavu wa miaka mitatu nyuma. Rangi ya njano ilianza kuchungulia, kidogo kama ukucha.

Watembezi wawili wakampita, kijana na mkewe, vijitabu shingoni.

"Pole na kazi, mama. Mto ni huku?"

"Hamwoni alama?" alifoka Arlette, akionyesha ule ukucha wa njano. "Teremkeni. Na lango!"

Akasikiliza, kisu mkononi. Hatua zikateremka, zikasimama. Bawaba zikalia. Akangoja, akangoja, mpaka akasikia kitasa kikigonga chuma.

"Angalau hao," alisema, akarudi kwenye lami.