Lydiah na Asili ya Neno "Farthing"

Mwaka uliotangulia, Lydiah Nyaga aliaibika mbele ya kadamnasi. Katika mashindano ya msamiati wa Kiingereza kwa wahamiaji watu wazima, mwamuzi alimtaka arudie jibu mara tatu, eti lafudhi yake haieleweki. Muuguzi huyu wa Mansfield, jimbo la Texas huko Marekani, mtu wa miaka hamsini na minane, akaingiwa na haya, akaketi bila kumaliza.

Mwaka huu akarudi. Rafiki yake Charlotte, Mkongo mfanyakazi wa ghala huko Garland, ndiye aliyemwendesha kwa gari hadi Houston.

"Mama Lydiah, leo usiseme chini-chini," Charlotte alimwonya. "Sema kwa nguvu. Courage, jipe moyo!"

Kufikia saa nane mchana jukwaani walibaki wawili: Lydiah na Vital, mhandisi wa Plano aliyekuwa bingwa mtetezi. Mwamuzi, yuleyule wa mwaka uliotangulia, akamwelekea Vital.

"Neno ni 'farthing'. Tupe maana na asili yake."

"Sarafu ya zamani ya Waingereza," Vital alijibu haraka. Kisha akasita. "'Far' ni mbali, 'thing' ni kitu. Nadhani ilitoka nchi ya mbali."

"Asili si hiyo. Swali linakwenda kwa Lydiah."

Lydiah alijua ilikuwa robo ya peni, lakini asili yake hakuwahi kuisoma popote. Ndipo akakumbuka shuleni Embu, kwao Kenya, mwalimu wa Kiswahili alipowaeleza kwa nini senti hamsini huitwa sumuni: ni thumni, yaani sehemu ya nane kwa Kiarabu, kwa kuwa zamani ilikuwa thumni ya riyali. Basi kama sarafu yaweza kuitwa kwa kipande chake, robo nayo je?

"Ni robo ya peni," alisema. "Na jina lenyewe limetokana na nne. Maana yake ni sehemu ya nne."

"Samahani, rudia?" mwamuzi aliuliza.

Safari hii Lydiah hakuketi. Aliivuta maikrofoni karibu, akanyanyua kidevu, akarudia neno kwa neno kwa lafudhi yake ileile ya Embu, sauti ikafika hadi viti vya nyuma.

Mwamuzi akafungua kadi na kusoma: "Kutoka Kiingereza cha kale, 'feorthing', sehemu ya nne. Zamani watu walikata peni ya fedha vipande vinne." Akainua macho. "Mama, umeshinda!"

Charlotte alipiga vigelegele hadi mlinzi akachungulia mlangoni. Vital alikuja akamshika Lydiah mkono kwa mikono yake miwili. "Umenipiku, mama. Tena kwa haki."

Kikombe kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Alikuwa bado anapigwa picha mwamuzi alipomkaribia na kumwomba, mwakani, aketi pamoja naye kwenye meza ya waamuzi. Lydiah akakubali papo hapo, wala hakujifanya anafikiria.