Pazia Katikati ya Kichwa cha Dada

Saa tisa kamili geti la ukumbi wa mdahalo lingefungwa, na dada yangu alikuwa na nusu kichwa. Upande wa kushoto ulikuwa umesukwa, umelala kwa nidhamu kama bweni siku ya ukaguzi. Upande wa kulia ulikuwa umesimama wima, unapinga kila kitu. Katika mji wetu mzima ni yeye aliyechaguliwa kusimama mbele ya kamera na kuwauliza swali moja watu wawili wanaotarajiwa kugombea urais. Asipowahi geti, nafasi inakwenda kwa mwingine. Akiwahi hivyo alivyo, taifa zima linamwona hivyo alivyo.

Naomba nieleze hali ya kisiasa.

Saluni ni ya Shangazi na shoga yake, Mama Pacha. Wamesuka pamoja tangu kabla sijaota meno. Msuko uliowapa jina unaitwa daraja: mmoja anaanzia sikio la kushoto, mwenzake la kulia, wanakutana utosini na kufunga fundo moja kubwa. Fundo hilo halifungwi na mtu mmoja. Mikono miwili inashika, miwili inafunga. Saluni nyingine zimejaribu, zikaishia kutoa watu machozi.

Kisha siasa ikaingia. Kati ya hao wawili wa urais, Shangazi ni wa Mama Mgao, anayesema hospitali, shule na maji ni vya watu wote, na mwenye nacho achangie zaidi. Mama Pacha ni wa Injinia, anayesema serikali ikae pembeni, ipunguze kodi, kila mtu ahangaike na biashara yake. Watu wenyewe hawajateuliwa hata na vyama vyao. Lakini niliporudi likizo kutoka shule ya bweni, nilikuta pazia la maua limetundikwa katikati ya saluni, na siku ya mdahalo kiti cha dada kikawekwa chini yake barabara, ili kila chama kisuke eneo lake. Pua ya dada ndiyo ilikuwa mpaka.

"Muulize huyo Injinia," Shangazi alisema, akivuta mstari, "mtu asiye na kitu akiugua atajitegemea vipi kitandani."

"Thubutu," Mama Pacha akajibu kutoka ng'ambo. "Muulize Mama Mgao hivyo vya kugawa anavichuma mti gani."

"Shangazi, taratibu, hicho ni kichwa," dada akasema.

"Tulia, mwanangu. Mwenzangu huyu anaogopa kugawana hata kitana."

"Kitana nilichonunua mimi, ndiyo. Wewe unasuka watu bure kwa rasta zangu, halafu unaita huruma."

Hapo Mama Pacha akaweka kitana chini. Alisema kichwa kinachokwenda kumwaibisha Injinia mbele ya taifa hakitapita mikononi mwake. Akaketi, akakunja mikono, akaanza kukagua dari. Mgomo ulikuwa umeanza rasmi.

Dada alinitazama kwenye kioo. Kwa kawaida huniita balaa la ukoo, kwa hiyo nilijua mambo yameharibika kabisa.

"Fanya kitu," akaninong'oneza.

Shuleni nimejifunza mambo mengi, na baadhi yake yamo kwenye mtaala. Nikasogea mahali ambapo pande zote mbili zingeniona, nikakohoa kama mwalimu wa zamu.

"Ndugu wananchi. Dada ana swali moja, nanyi mna maswali mawili. Kwa hiyo ameamua hivi: atakayefika utosini kwanza, swali lake ndilo litakaloulizwa."

Dada akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu. Akaufunga.

"Huyo si ameshafika?" Mama Pacha akasema, lakini mkono wake ulikuwa unatafuta kitana.

Alikuwa na hoja. Nikakata upya mipaka ya majimbo palepale: kisogo chote, kilichokuwa hakijasukwa, kikaenda kwa Shangazi. Shangazi alisema huo ni wizi wa mchana, huku akianza kukisuka.

Sijawahi kuona vidole vikikimbia namna ile. Shangazi alisuka mistari myembamba, yote sawa, hakuna unywele uliopendelewa. Mama Pacha akashusha minene na myembamba, kila unywele na bahati yake. Nikageuka mtangazaji wa mpira.

"Shangazi anatoka kisogoni, anapanda, anapanda. Mama Pacha yuko juu ya sikio, amempita mtu, amempita mwingine..."

"Hamna mtu hapa, ni kichwa changu," dada akalalamika.

"Chama kimoja kinalalamika kuhusu uwanja."

Wateja kwenye benchi walisimama. Mmoja aliyekuwa na dawa kichwani alisahau kwenda kuoshwa. Mama Pacha alikuwa anahema, Shangazi anaimba kwa meno yaliyofungwa, na mikono ya wote wawili ikafika utosini kwa pamoja, ikashika shungi moja.

Hakuna aliyeachia.

"Nimefika," Shangazi akasema.

"Umenikuta," Mama Pacha akasema.

"Geti," dada akasema, akianza kuvua viatu.

Basi wakafunga. Pazia lilikuwa bado katikati, walikuwa hawaonani, na hakuna aliyemwambia mwenzake kitu. Vidole vya Shangazi vilishika, vya Mama Pacha vikazungusha, vikapokezana, vikakaza. Fundo likakaa kama lililozaliwa pale.

"Sare," nikatangaza. "Ataamua njiani."

Dada alishatoka mbio, viatu mkononi.

Runinga iko upande wa Mama Pacha. Shangazi alisema yeye atasikiliza tu. Dada alipotokea kwenye kioo cha runinga, pazia likasogea kidogo.

"Naangalia kazi yangu," Shangazi akasema.

Dada alishika kipaza sauti. "Swali langu ni kwa wote wawili. Kila mmoja ataje jambo moja tu ambalo mwenzake amelisema sawa."

Mama Mgao alicheka, akalisifu swali, akasimulia utoto wake. Injinia aliwashukuru waandaaji, akahamia kwenye barabara. Mwongozaji wa mdahalo akarudia swali. Mama Mgao akanywa maji. Injinia naye akaona kiu.

"Si Injinia aseme ile ya Mama Mgao ya zahanati," Mama Pacha akafoka. "Mbona ile ya zahanati hata mimi..."

Shangazi hakugeuka. "Na Injinia kuhusu vibali vya biashara hakukosea. Chetu kilituzungusha mpaka viatu vikaisha."

"Leo unasema."

"Nasema vibali. Kura yangu haimo humo."

"Wala yangu haimo kwenye zahanati."

Nilikuwa naanza kujipongeza kimoyomoyo mwongozaji alipowakumbusha watazamaji kwamba maswali yote yaliandikwa na kukabidhiwa kwa waandaaji tangu juzi, na hakuna lililobadilishwa.

Shangazi akanigeukia polepole. "Tangu juzi."

"Tangu juzi," Mama Pacha akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza katika msimu huu wa siasa kwa vyama hivyo viwili kutoa tamko la pamoja.

"Shule inafunguliwa lini, mheshimiwa?"

"Keshokutwa, Shangazi."

"Vizuri sana. Kaa."

Mama Pacha aling'oa pazia, akanifunga nalo shingoni. Shangazi akashika kushoto, yeye akashika kulia.

"Myembamba au minene?" Shangazi akauliza.

"Kila mtu na itikadi yake, shoga."

Nikamfikiria matroni wetu, ambaye hukagua vichwa kwa rula, mistari yote iwe sawa. Nikauliza kama raia wa kawaida ana haki ya kupiga kura. Wakanivuta nywele, kila mmoja upande wake, kwa nguvu sawa kabisa.