Matumbo ya Boti

Injini zote mbili ziliwaka mara moja, zikanguruma ndani ya mapipa ya maji ya kuzijaribia nchi kavu, mpaka mbuzi wa jirani wakatimua mbio. Ekidor, mwenye boti, alitabasamu kama mtu aliyekwisha kuuza.

"Mama Akeno, unasikia? Nguvu za farasi mia mbili hapa, mia mbili huku. Toka Lowarengak mpaka Kalokol, chai haipoi."

Akeno alisikia, na moyo ukamdunda. Kina mama wa Lowarengak walikuwa wamemtuma Lodwar kununua chombo cha kukimbiza wagonjwa kupitia ziwani hadi hospitali ya Kalokol. Boti hakuzijua. Alitumwa kwa sababu miaka miwili nyuma binti yake, kifungua mimba, alishikwa na uchungu wa kuzaa mvua ikiwa imekata barabara, na mashua yenye injini ndogo ikamfikisha Kalokol akiwa maiti. Sasa mdogo wa huyo marehemu, Atiir, alikuwa na mimba ya miezi saba. Akeno angenunua hata ungo wa mchawi, mradi uende kasi.

Lakini alikuwa na busara ya kumleta Kasongo kutoka Kakuma. Huko kwenye kambi ya wakimbizi Mkongo huyo alitengeneza pikipiki, ila alizaliwa Kalemie na ujana wake aliumaliza kwenye maboti ya Ziwa Tanganyika. Injini hakuzisifu. Alizizima, akashika mpini wa nyundo, akaanza kugonga mwili wa boti shibiri kwa shibiri, sikio limelala juu ya faiba. Ko, ko, ko. Rangi ilikuwa mpya, nyekundu ya kuringa. Alipofika tezini, kwenye ubao wa nyuma unaobeba injini, mlio ukafa. Du.

Akafungua skrubu moja. Ikatoka na majimaji meusi.

"Mama, hii mbao ilisha kuoza. Siku wimbi itapiga, mashini itang'oka, maji itaingia. Utazama na wagonjwa yako."

Ekidor akatazama pembeni. Aliyewaka ni Akeno, tena akamwakia fundi wake mwenyewe.

"Wewe umekuja kunisaidia ama kunizuia? Wazee wamechinja, wamesoma matumbo ya mbuzi, wamesema njia iko safi!"

"Wazee walisoma ya mbuzi," Kasongo akasema taratibu. "Haya ya boti, usome wewe."

Baba yake Akeno alikuwa msomaji wa matumbo. Aliwahi kurudisha boma zima lililokuwa linahama kutafuta maji, kisa doa moja tu kwenye utumbo, na hakuna aliyebishana naye ingawa watoto walilia kiu. Akeno alikuwa mmoja wa watoto hao, na siku ile alimchukia baba yake.

Aliingiza kidole kwenye tundu la skrubu. Ubao ukamegeka, laini kama ugali uliolala. Akaunusa, kisha akalia hapo hapo mbele ya wanaume, bila kujificha.

"Ekidor, baki na boti yako," alisema, akampigia Atiir simu.

"Mama, boti imepatikana?"

"Hapana. Panda lori la samaki kesho, kabla mvua haijakata barabara. Utakaa kwa shangazi yako, uzalie hospitali ya hapa Lodwar."

Atiir akauliza, "Na wale wengine wenye mimba?"

Akeno akaitazama ile boti nyekundu. Hilo hakuwa amelifikiria, na aibu ikamshika.

"Wako wangapi?"

"Wanne."

"Kuja nao wote. Tutalala chini."