Mkwe Asiyesimama

Mimi nina mdomo, sikatai. Siku boti iliposhushwa kwenye lori pale nyumbani Chanzuru, nilimwuliza Beda maswali mpaka akavua kofia na kujikuna kichwa. Beda ana gereji Mikumi, lakini ujana wake wote aliumalizia kwenye uvuvi bwawa la Mtera, na ndiye aliyetuuzia ile boti ya faiba na mashine yake. Mimi nachuuza mchele, mume wangu Yared ni mtu wa pawatila, vile vitrekta vya kushika kwa mikono. Boti tulikuwa tunaziona kwenye simu tu.

Tuliinunua kwa sababu moja: mama mkwe. Mama Gaudiosa anaishi peke yake Tindiga, huko mashambani, na kila masika maji yakifurika anabaki kisiwani na kuku wake. Mwaka huu yalipanda kuliko kawaida, na nyumba yenyewe ni ya tofali mbichi. Tukimpigia simu anasema yeye hapandi kitu kinachoelea.

Basi nikauliza. Mbona kuna tundu nyuma? Beda akasema ni la kutolea maji boti ikiwa nchi kavu, na kizibo chake kikisahaulika tutazama hata kabla ya kuondoka. Mbona petroli inachanganywa na oili, kwani ni msumeno wa mashine? Akasema ndiyo, ni mashine ya namna hiyo hiyo, ukiipa petroli tupu unaiua. Yared akataka kuiwasha palepale uani asikie mlio wake, kama anavyofanya na pawatila. Beda akamshika mkono. Mashine hii inapozwa na maji inayoyavuta yenyewe, ukiiwasha nchi kavu inaungua. Hata ukiwa majini, kwanza utazame kile kitundu cha pembeni kinachorusha maji.

"Ikikojoa, nenda. Isipokojoa, zima," alisema, na Yared alicheka mpaka nikaona aibu.

Kulikuwa na mengine pia. Dereva ajifunge ile kamba nyekundu mkononi, ili akianguka mashine izime. Kila mtu avae boya, siyo kulikalia kama mto. Kasia na kopo la kuchotea maji visitoke botini kamwe. Tukirudi kutoka kwenye tope, mashine isafishwe kwa maji safi, la sivyo mchanga utaziba njia zake. Yote niliyashika. Nikajiona nahodha kabisa.

Tuliivuta kwa pawatila hadi maji yanapoanzia. Yared alikaa nyuma kwenye mashine, mimi katikati, wifi yangu Salome mbele. Tukapita taratibu juu ya mashamba ya mpunga, Yared akiinua mashine kila penye majani mengi ili pangaboi lisizongwe. Salome alikuwa amembembeleza mama kwenye simu tangu alfajiri, na mama alikuwa amekubali, shingo upande. Tulimkuta amesimama barazani na fuko lake la nguo, maji yamefika ngazi ya chini. Yared akazima mashine, tukaegesha ubavu. Mama akaweka mguu mmoja ndani.

Sasa niambieni, mkwe gani anakaa wakati mama mkwe amesimama? Na huyu ni binti wa mwalimu wa shule ya misheni. Mwaka nilioolewa alinirudisha mlangoni kwa sababu nilimwamkia nikiwa nimeegemea ukuta. Nikainuka nimwamkie na kumpisha mahali pazuri. Salome akainuka kumpokea fuko. Yared naye akainuka, maana ni mama yake. Wote watatu tukaelemea upande mmoja. Boti ikalala, mama akatumbukia hadi kiunoni.

Boya lake lilikuwa bado mkononi mwangu. Salome alimdaka khanga, mama akajivuta barazani mwenyewe, akaanza kuikamua. Hakugomba, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema tu twende salama, akaingia ndani akafunga mlango.

Nililia njia nzima. Tulipofika nikampigia Beda, nikamfokea kwamba ametuuzia jeneza. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza kama kizibo kilikuwepo. Kilikuwepo. Mashine je? Nzima kabisa.

"Mlikuwa mmekaa?"

Nilipomweleza ilivyokuwa hakucheka.

"Dada Angela," alisema, "boti haijui mkwe. Mtu akipanda, wengine wote wakae."

Kesho yake jirani wa mama alipiga simu kwamba ukuta wa jiko la mama umeanguka. Tukaenda mimi na Yared tu. Njiani roho ilikuwa juu, na wala sikuogopa maji. Nilichoogopa ni kule kukaa.

Tulimkuta palepale barazani na tenga la kuku wake, maji sasa yapo ngazi ya juu. Nyuma yake ukuta wa chumba ulikuwa umepasuka toka juu hadi chini. Yared akaishikilia nguzo bila kuinuka. Nami nikabaki nimekaa, nimemnyooshea boya.

Mama akanitazama. Akasubiri niinuke. Sikuinuka. Uso wake ukakunjamana, akageukia mlango wake, nikajua akiingia tena tumempoteza.

"Mama," nikasema, "leo sitasimama. Nikisimama utaanguka tena. Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alilichukua boya, akalivaa, akafunga vifungo kimoja kimoja. Akakaa kwenye ukingo wa baraza, akaingiza miguu, akajisogeza hadi katikati. Boti ilitikisika kidogo ikatulia. Yared akavuta kamba ya kuwashia, mashine ikakojoa, tukaondoka. Njia nzima mama alitazama mbele, tenga la kuku mapajani.

Tulipogusa nchi kavu niliruka nikamshusha. Watu walikuwa wamejaa pale wakitutazama. Mbele yao wote nikaanza kupiga goti kwenye tope ili nimwamkie inavyopaswa, machozi yakinitoka. Akanishika kiwiko kabla goti halijafika chini.

"Inuka, mwanangu," alisema. "Ulishanisalimia. Marahaba."